Aliyechonga Upya Nyuso za Makaisari

Taarifa ya msiba ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa mtaani kwetu Thorncliffe Park, kwa njia ile ile ambayo misiba yote hutufikia siku hizi. Simu ilitetemeka mfukoni, nikakuta ujumbe mfupi kwenye kikundi cha Watanzania: dada yetu amefariki alfajiri hospitalini, taratibu mtajulishwa. Wasomaji wa safu hii wanaoishi ughaibuni wanajua kinachofuata baada ya ujumbe kama huo. Ndani ya dakika chache huanza kumiminika mikono iliyokunjwa kwa sala, mishumaa, maua na pole za watu ambao hata hawakumfahamu marehemu. Safari hii pole zilikuja nne. Nilifika dirishani, nikachukua dawa zangu za shinikizo la damu, nikarudi nyumbani, na hadi saa saba mchana zilikuwa bado nne, mojawapo ikiwa yangu. Nitaeleza kwa nini, maana naamini sababu yake inatuhusu wengi zaidi ya waliomo kwenye kikundi kile, na maana mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Sikuwa ndugu yake wala rafiki yake wa karibu. Tulisali pamoja kwenye ibada ya Kiswahili, na majengo yetu yanatazamana, basi. Kilichotufanya tufahamiane hasa ni meno yangu. Mwaka mmoja, kwenye chakula cha mchana baada ya ibada ya Pasaka, niling'ata mfupa wa mbuzi na meno yangu ya bandia yakakatika vipande viwili kinywani. Nikaziba mdomo kwa kitambaa na kujifanya nakohoa, huku nikitafuta mlango. Mama mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, yatoe, yafunge kwenye hicho kitambaa, unipe mimi." Nilimpa kama mtoto anayekabidhi kitu alichokivunja. Kesho yake aliniletea yakiwa mazima, yameng'arishwa, na jino moja lililokuwa limekaa upande tangu siku ya kwanza limenyooshwa. Nilimwambia fundi wangu wa kwanza alikuwa ovyo. Akasema hapana, hakuwa ovyo, alikuwa na haraka tu. Ndivyo alivyokuwa akiwazungumzia watu, na naomba mlikumbuke hilo mtakaposoma yanayofuata.

Nyumbani alikuwa fundi wa meno ya bandia kwenye hospitali moja ya mkoa, kazi aliyoifanya tangu usichana wake. Alipokuja huku na binti yake mdogo aliambiwa vyeti vyake havitambuliki, aanze shule upya, na shule hakuwa na uwezo nayo. Akafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula vilivyogandishwa, mpaka siku aliyoona vidole vyake vinakufa ganzi hata akiwa nyumbani karibu na moto. Aliniambia kwamba hofu aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata hata alipofiwa na mume. Ndipo akaona tangazo la mfanyabiashara mmoja wa sarafu za kale, kaskazini mwa jiji, aliyekuwa akitafuta mtu mwenye mikono iliyotulia. Alipelekwa kwenye besmenti, chumba cha chini ya duka, akapewa sarafu moja iliyovaa udongo mgumu kama jiwe pamoja na sindano. Baada ya saa moja uso wa mwanamume ukatokeza kwenye ule udongo. Akaajiriwa siku hiyo hiyo, na kibali chake cha kazi kikaandikwa kwa jina la yule bwana, yaani akimwacha, kibali kinakufa.

Niliwahi kumtembelea pale kazini mara moja, nikiwa na nia ya kuandika makala ambayo sikuiandika. Sarafu zilikuja kwa magunia madogo, zimefukuliwa kwenye mashamba ya Ulaya, sarafu za shaba za Warumi wa kale. Alizilowesha kwenye maji safi ya maabara kwa wiki nzima, wakati mwingine miezi, kisha akakaa chini ya taa na lenzi na kuanza kuondoa uchafu kidogo kidogo, kwa vifaa vile vile alivyokuwa akitumia kwenye meno. Alinionyesha moja iliyo ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja alikuwepo Kaisari, shingo imenyooka, taji la lulu kichwani, jina lake limemzunguka. Upande wa pili askari mwenye ngao alikuwa akimchoma mkuki mtu aliyeanguka pamoja na farasi wake. Yule mtu amegeuka nyuma na kuinua mkono mmoja. Mambo yote hayo kwenye nafasi isiyotosha punje tano za mchele.

"Unajua maandishi haya yanasema nini?" aliniuliza.

Nikamwambia Kilatini sikijui.

"Yanasema nyakati njema zimerejea."

Nikauliza zimerejea kwa nani.

"Kwa mwenye mkuki," alisema. "Huyu wa chini hakuulizwa."

Akanieleza kwamba bosi wake alimkataza kupoteza muda na upande ule, kwa kuwa mnunuzi anataka uso wa Kaisari na jina lisomeke, basi. Lakini yeye kila mara alianza kumsafisha yule aliyeanguka.

Nimezifikiria sana sarafu zile tangu siku hiyo. Wengi wetu tumekulia chini ya picha ya kiongozi iliyotundikwa ukutani kwenye duka, ofisi na zahanati. Kiongozi akibadilika, picha hubadilishwa na msumari unabaki ule ule. Warumi walifanya hivyo kwa shaba. Muuza mkate kwenye jimbo la mbali kabisa, mtu ambaye hatamwona Kaisari maisha yake yote, alimtia mfukoni kila jioni. Huenda barabara haikumfikia, wala hakimu mwenye haki, lakini uso ulimfikia, na nyuma ya uso habari za ushindi. Mwingine akishika kiti, baada ya miezi michache uso mpya unaingia sokoni. Pembeni limeandikwa jina la mtawala na vyeo vyake vyote, hata vile alivyojipa mwenyewe. Jina la fundi aliyekaa ameinama, akichonga pua na sikio la mkubwa huyo kwenye muhuri wa chuma, halimo popote. Dada yetu alilisema hilo bila uchungu. Alisema fundi wa meno naye hakuna anayemjua jina, watu wanasifu tabasamu la mwenye meno.

Sasa nifike kwenye lile ambalo lilizifanya pole ziwe nne. Shaba huchakaa. Sarafu kubwa za shaba, zile pana kama kifuniko cha chupa na zaidi, mara nyingi zimelika kwa kupita mikononi, na uso umebaki kivuli. Mwaka wake wa pili pale, yule bwana alimpa moja ya aina hiyo na kumuuliza kama anaweza kuisaidia kidogo. Alielewa. Akachukua kisu chake kidogo, akarudisha nywele nyuzi kwa nyuzi, akarudisha jicho, akalichonga taji la majani likasomeka jani kwa jani, kisha akapaka dawa ya kuirudishia rangi yake ya kijani cha uzee. Ikauzwa kama sarafu ambayo haikuguswa. Kibali chake kilikuwa na jina la bwana yule, na angeweza kuniambia kwamba aliogopa, nami ningemwamini. Hakuniambia hivyo. Aliniambia kwamba alipoiweka ile sarafu mezani alijisikia fundi, kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. Alifurahi kweli, alitembea kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni akiwa na furaha. Ukaazi wa kudumu ulipotoka, angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alichonga nyuso nyingine, mwaka baada ya mwaka.

Miongoni mwa nyuso hizo ulikuwemo wa mwanamke. Kulikuwa na Kaisari mmoja aliyefiwa na mkewe, naye akaamuru sarafu nyingi zitolewe zenye uso wa marehemu. Moja ya hizo ilimfikia dada yetu ikiwa imelika mashavu, pua na midomo. Alitazama picha za vitabuni, lakini mkono ulipoanza kazi ulifuata njia yake, na midomo ikatoka kama ya shangazi yake aliyemlea. Iliuzwa kwa dereva mstaafu wa mabasi, mzungu mzee mpole ambaye alikuwa amefiwa na mke mwaka huo huo. Hakuwa mkusanyaji mkubwa. Aliipenda habari ya mtawala wa dunia nzima ambaye naye alibaki na pengo kitandani.

Miaka kadhaa baadaye yule mzee alirudi dukani, sarafu yake mkononi. Mtu mmoja mjuzi alikuwa amemwambia uso ule umechongwa upya, kwamba midomo ile haikutoka kwenye mkono wa Mrumi. Bosi hakubishana naye. Alimwita dada yetu kutoka chini, akamwambia mzee, muulize huyu, ndiye aliyeisafisha. Mzee akamgeukia na kumuuliza kwa adabu kama sarafu iliingia ikiwa hivi. Dada yetu alijibu kwamba ndiyo, iliingia hivi hivi. Mzee alimtazama kidogo, kisha akamwomba radhi kwa kuitilia shaka kazi yake. Akampa mkono. Akaondoka.

Jioni hiyo alikuja kwangu. Mke wangu alimkaribisha chai, hakuigusa. Alinieleza yote niliyowaeleza, tangu sarafu ya kwanza, kisha akasema anataka kesho yake amtafute yule mzee amwambie ukweli. Hakuniuliza kama ni vema. Nadhani alikwisha kujua, alikuja tu ili mtu mwingine asikie. Lakini mimi ni mtu wa ushauri, ndiyo kazi yangu hapa kila wiki, nikampa. Nilimwambia afikirie binti yake. Nilimwambia bosi atamruka na kesi itamwangukia yeye mwenye ngozi nyeusi, jambo ambalo sikulitunga, lingeweza kutokea. Nikamalizia kwa kumwambia, "Nyamaza, dada. Tafuta kazi nyingine polepole, mengine yatapita." Alinishukuru. Akanyamaza miaka minne.

Yaliyomfungua mdomo ni mapafu. Alipogundulika ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Daktari alimuuliza kuhusu kazi yake, akamwambia anasafisha vitu vya kale. Kama vumbi la besmenti ile lilihusika au halikuhusika hakuna aliyempa jibu, nami siwezi kulitoa. Aliacha kazi wiki hiyo. Mwezi wa pili, baridi ikiwa kali, alinipigia simu kwamba amepata mahali anapokaa yule mzee, upande wa mashariki mwa jiji, akaniomba nimsindikize. Nilimwambia wiki ile nimebanwa. Akasema basi wiki ijayo. Nikamwambia na hiyo tutaona. Hakuniomba mara ya tatu.

Alikwenda, akamkuta, na aliporudi alinieleza. Mzee alimfungulia, wakakaa sebuleni na makoti yao, kwa maana mzee naye alikuwa anajiandaa kutoka. Dada yetu alisema alichokwenda kusema: uso ule aliuchonga yeye, na siku ile alidanganya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alisema alikwisha kujua. Baada ya siku ile aliipeleka sarafu kwa watu wengine wawili, nao wakasema jambo lile lile, hivyo hapakuwa na jipya. Dada yetu akaomba msamaha. Mzee akasema neno ambalo dada yetu alinitajia kwanza kwa Kiingereza kama lilivyosemwa, halafu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amelielewa.

"Siku ile nilikuomba radhi. Nataka unirudishie."

Hakuwa amepaza sauti. Dada yetu aliniambia kwamba alikaa pale akitafuta namna ya kurudisha kitu cha aina hiyo na hakuiona. Mzee akasimama, akamfungulia mlango, akamwambia aangalie ngazi zina barafu.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Alinunua daftari la shule, akachora kila sarafu aliyoikumbuka, mbele na nyuma, akaandika pembeni ni kipi cha Warumi na ni kipi chake. Alichora kwa penseli, kitandani, akipumzika kila baada ya mistari michache. Nakala alizipeleka kwa chama cha wakusanyaji wa sarafu. Wachache walimshukuru. Wengi walimtukana kwa barua, na sielewi kwa nini watu wanaotukana huwa na mwandiko mzuri. Yule bwana aliwaambia wateja wake kwamba huyo ni mfanyakazi mgonjwa aliyefukuzwa, ana kinyongo. Duka lake liko wazi hadi leo.

Habari ikafika kanisani. Baada ya ibada kamati ilikaa, nami ni mjumbe. Mmoja wetu, mtu mzima ninayemheshimu, alisema toba ni kati ya mtu na Mungu wake, kulikuwa na haja gani ya kwenda kujianika kwa Wazungu. Mwingine, anayefanya kazi kwenye duka la vito, alisema bosi wake sasa anamtazama mikono. Sikumlaumu, ana watoto watatu. Wakakubaliana kwamba tumwombee, ila jambo lake lisitajwe tena kwenye jumuiya. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba mimi ndiye niliyemfanya akae kimya miaka minne. Nilitazama karatasi iliyo mbele yangu. Kuanzia Jumapili hiyo kiti alichokuwa akikalia kilibaki wazi, wala hapakuwa na aliyebisha hodi kwake kumuuliza kulikoni, ukiacha wanawake wawili waliompelekea uji. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilimpa salamu za kupeleka.

Kwenye mazishi tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na wafanyakazi wa makaburi. Binti yake sasa ni msichana mkubwa anayesomea unesi. Kama watoto wengi waliokulia huku, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Watu walipoanza kuelekea kwenye magari alinishika mkono wa koti akaniuliza kwa Kiingereza watu wako wapi. Alisema mama yake alikuwa amepika kwenye misiba yao yote. Nikaanza kuzunguka maneno, jambo ninaloliweza vizuri. Akanikatiza kwa neno moja la Kiswahili, kuhusu mama yake, la pekee nililolisikia kwake siku nzima.

"Mwizi?"

Nikamwambia hapana, na nikaona hapana hiyo haitoshi. Nikamwambia mama yake alishiriki uongo kwa miaka mingi, akautoka peke yake, na kwamba alipotaka kuutoka mapema mimi ndiye niliyemrudisha ndani. Akaachia mkono wa koti langu, akaenda kusimama upande wa wale wanawake wawili wa uji.

Nimeombwa na baadhi ya watu nisiandike haya, nao wananitakia mema, kama mimi nilivyomtakia mema marehemu. Nimeandika kwa sababu mema ya namna hiyo nimeona yanakoishia. Sisi tuliohamia nchi za watu tumekuwa hodari wa kuambiana tunyamaze. Tunaita kulindana, na mara nyingine ni kulindana kweli, maana wapo waliosema wakapoteza kila kitu. Lakini niliyemlinda jioni ile hakuwa dada yetu. Nilikuwa naulinda utulivu wangu, nisije nikaitwa shahidi, nisije nikatajwa. Yeye alikuja kwangu akiwa tayari ni mtu mkweli, amebakiza hatua moja tu, na mimi nikampa sababu nzuri nzuri za kutoichukua. Mzee yule angeusikia ukweli kesho yake, wakati radhi aliyoiomba ilikuwa bado ina siku moja. Labda angemfukuza hata hivyo. Hatutajua.

Basi hili ndilo nililobaki nalo, na ninawapa mnaonisoma, popote mlipo. Mtu akija kwako na jambo linalomtoa usingizi, na ukaona amekwisha kujua la kufanya, usimtafutie busara. Hana shida ya busara. Muulize ni lini, kisha uvae viatu uende naye, hata kama utakaa kimya njia nzima. Kutoka hapa hadi kwa yule mzee ni mabasi mawili na mwendo mfupi wa miguu. Nimeipima njia hiyo wiki iliyopita, baada ya mazishi. Kwa mtu mwenye mapafu mazima ni dakika kumi na mbili kutoka kituoni. Yeye, aliniambia, alisimama mara tano.